Hujaji na Mtalii katika Rasi ya Llŷn

Vitabu vya kuongoza wageni vina desturi moja mbaya: hupima kila kitu kwa kibaba kimoja. Ufuko wa mchanga, kiwanja cha kuegesha motokaa, duka la chai, choo cha watu wote na kanisa la karne nyingi huandikwa katika ukurasa mmoja, mstari chini ya mstari, kana kwamba vyote vilitengenezwa siku moja kwa haja ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mgeni. Mwenyeji hatajwi, ila pengine kwa ukarimu wake. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi, lakini madhara yake huonekana wazi katika rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi ya Wales, ndani ya kaunti ya Gwynedd. Huko makanisa ya kale yamefanywa vivutio, na kitu kilichoyapa makanisa hayo uhai, yaani lugha ya Kiwelisi, kimefanywa pambo la kivutio.

Rasi hiyo ni ulimi wa nchi ulioingia baharini, na mbele ya ncha yake kiko kisiwa cha Enlli, ambacho Waingereza hukiita Bardsey. Katika zama za kati mahujaji walikwenda huko wakipumzika kanisa baada ya kanisa: Clynnog Fawr na Pistyll, kwa Mtakatifu Beuno, kisha Aberdaron, kwa Mtakatifu Hywyn, ukingoni mwa maji, ambako walingojea bahari itulie wapate kuvuka. Ilisemwa kwamba safari tatu za Enlli zililingana na safari moja ya Roma, na kwamba watakatifu 20,000 wamezikwa kisiwani. Idadi hiyo ni ya imani, si ya hesabu. Lakini imani hiyo ndiyo iliyoipa nchi majina. Neno llan, linaloanza majina ya vijiji vingi, maana yake ni kanisa pamoja na kiwanja chake. Asemaye Llanbedrog amelitaja kanisa la Pedrog. Asemaye Llanengan amelitaja kanisa la Engan. Kwa hiyo ramani ya Llŷn ni orodha ya watakatifu, nayo haisomeki ila kwa Kiwelisi. Mgeni apewaye kuta bila ya lugha amepewa ganda, na kiini kimebaki kwa mwenyewe.

Uhusiano huo wa kanisa na lugha si hadithi ya mapenzi tu, ni historia. Sheria ya mwaka 1536 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama za Wales, na Kiwelisi kikatolewa katika baraza za utawala. Mwaka 1563 sheria nyingine iliamuru Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Agano Jipya lilitoka mwaka 1567, na Biblia nzima, kazi ya Askofu William Morgan, ikatoka mwaka 1588. Hivyo lugha iliyonyimwa kiti mahakamani ilipewa kiti mimbarini. Mkulima na mvuvi ambao hakimu hakuwasikiliza kwa lugha yao, walisikia kwa lugha hiyo hiyo maneno makubwa kuliko hukumu ya hakimu. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake iliandikwa kwa tenzi za dini zamani sana kabla ya kuandikiwa sheria za serikali, hana haja ya kuelezwa kwa urefu thamani ya hifadhi ya namna hiyo.

Watetezi wa utalii wana hoja yao, nayo haistahili kudharauliwa. Husema kwamba paa la kanisa haliezekwi kwa historia bali kwa fedha, na fedha huletwa na wageni. Hili ni kweli, tena ni kweli ya kale. Kanisa la Clynnog Fawr ni kubwa mno kwa kijiji chake, na ukubwa huo hauelezeki bila ya mahujaji na sadaka zao. Basi ugomvi si juu ya mgeni kuja. Ugomvi ni juu ya namna ajavyo. Hujaji alikuja kuomba. Mtalii huja kuombwa. Hujaji alijifunza jina la mtakatifu kabla ya kufika mlangoni. Mtalii hufika, akapiga picha, akaondoka bila ya kujua jina la mahali aliposimama. Hujaji alilala usiku mmoja akaendelea na safari. Mtalii mwenye mali hununua nyumba, akaifunga miezi ya baridi, na pengine akalifuta hata jina lake la Kiwelisi.

Katika jambo hili maneno matupu hayatoshi, na mfano uko karibu. Abersoch ni kijiji cha Llŷn kilichosifika kwa mashua, fuko na nyumba za mapumziko. Mwisho wa mwaka 2021 shule yake ya msingi ilifungwa kwa uchache wa watoto. Mahali ambapo mgeni hakosi chakula kizuri wala nafasi ya kutia nanga, mtoto amekosa shule. Je, kijiji hicho kina huduma nyingi au chache? Jawabu hutegemea nani anayehesabu. Baraza la Gwynedd lilihesabu kwa upande wa mwenyeji lilipoamua, kuanzia Aprili 2023, kodi ya nyumba za pili izidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 150. Walioiita hatua hiyo uadui kwa wageni walisahau kwamba nyumba isiyokaliwa haina mtoto wa kupeleka shule.

Wapo wengine wasemao kwamba makanisa yamekwisha kuwa matupu, na kitu kitupu ni halali ya ajaye kwanza. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 inawapa nguvu kwa upande mmoja: asilimia 46.5 ya watu wa Wales walisema hawana dini. Lakini hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba katika Gwynedd asilimia 64.4 ya watu husema Kiwelisi, ingawa katika Wales nzima ni asilimia 17.8. Mabenchi ni matupu, vinywa si vitupu. Kanisa lisilo na waumini wengi bado linao warithi, na mrithi hafukuzwi kwa sababu hasali.

Tena wapo waliokwisha kuonyesha njia. Nant Gwrtheyrn kilikuwa kijiji cha wachimba mawe kilichohamwa kikawa magofu. Mwaka 1978 kilinunuliwa ili kifanywe mahali pa kufundishia Kiwelisi, na leo mgeni hula, hulala na hutembea pwani pale, akiwa mwanafunzi wa lugha ya wenyeji wake. Jirani yake, Llithfaen, wanakijiji wamekuwa wakiiendesha baa yao, Tafarn y Fic, kwa ushirika tangu mwaka 1988. Mgeni anakaribishwa humo, lakini anajua yuko nyumbani kwa watu.

Asiyeona hatari na aende mashariki zaidi katika kaunti hiyo hiyo, karibu na Bala. Huko, mwaka 1965, bonde la Capel Celyn lilizamishwa ili mji wa Liverpool upate maji. Nyumba, shule na kanisa dogo la kijiji vikapotea. Leo maji yafunguliwayo katika bwawa hilo huwarusha watalii katika vyombo vya mpira mtoni Tryweryn. Mchezo wenyewe hauna dhambi. Lakini mwongozo unaotaja kasi ya maji na kunyamaza juu ya kijiji kilicho chini yake umefanya dhambi ya kunyamaza.

Sheria ya Wales ya mwaka 2025 imeyapa mabaraza uwezo wa kumtoza mgeni ada ndogo kwa kila usiku, kuanzia mwaka 2027, na kudumisha Kiwelisi ni miongoni mwa matumizi yaliyoruhusiwa. Baraza litakalochagua kuitoza na lisiimalize yote kwa maegesho na vibao vya njia. Sehemu yake iwe ya paa la kanisa, ya mwalimu wa lugha, na ya mwongozo unaoanza na jina la Kiwelisi na maana yake kabla ya kutaja bei ya chai. Mgeni hatapungukiwa na kitu. Atarudishiwa heshima ya hujaji aliyemtangulia. Kanisa likinyamaza kwa kukosa waumini, huo ni msiba wa zama. Likinyamazishwa ili mgeni asisumbuke, hilo ni kosa la watu, na kosa la watu husahihishwa na watu.