Boksi la dawa linapoongea Kiingereza

Puge, kando ya barabara ya lami inayotoka Nzega kwenda Tabora. Bibi anaingia kwenye duka la dawa muhimu, mgongoni amembeba mjukuu mwenye homa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mtoto anachemka tangu jana, na mafua hayamwachi."

Anapewa chupa mbili, moja ya homa na nyingine ya mafua. Maboksi yote mawili yameandikwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Bibi anasoma Kiswahili vizuri na nyumbani anaongea Kinyamwezi, lakini pale hakuna hata mstari mmoja anaoujua. Anaona aibu kuuliza. Analipa, anaondoka.

Hatari iko hapo. Baadhi ya dawa za mafua zina parasetamo ndani, ileile iliyomo kwenye dawa nyingi za homa. Mzazi anayempa mtoto zote mbili bila kujua, huenda anampa dozi mara mbili, na parasetamo ikizidi huumiza ini. Maelezo hayo yapo kwenye boksi, ila yako kwenye lugha ya wengine.

Je, lugha hiyo ilifikaje hadi Puge?

Miaka isiyozidi 170 iliyopita, Kiingereza hakikuwa na kazi katika nchi hii ya Wanyamwezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, lugha ya njia ilikuwa Kiswahili. Wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara kutoka pwani walikibeba pamoja na pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Burton aliongea Kiarabu na Waarabu waliompokea. Speke alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Mwaka 1858 Speke alipotoka Kazeh kwenda kaskazini hadi ziwani, Mwingereza huyo alihitaji Kihindustani na Kiswahili ili kusikilizana na watu njiani. Ziwa akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Jina likabaki, na hapo ndipo pa kujifunza kitu. Lugha huenea pale wenye kuiongea wanaposhika biashara, serikali na shule. Kiswahili kilipanda hadi Tabora kwa msafara. Wajerumani walipotawala, walikitumia kwenye ofisi zao za chini na shuleni, kikazidi kukomaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ikawa chini ya Uingereza. Madarasa ya chini yakaendelea na Kiswahili, ila aliyetaka kupanda juu alilazimika kujua Kiingereza. Vijana waliopata nafasi katika shule ya serikali ya Tabora, akiwemo Julius Nyerere miaka ya 1930, walipita njia hiyo.

Duniani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Meli na makoloni ya Waingereza vilikipeleka Kiingereza India, Australia, Amerika na Afrika. Baada ya mwaka 1945 Marekani ikakiongezea nguvu kwa fedha, ndege, sinema, sayansi na baadaye kompyuta. Hata tiba ilibadili lugha. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu, alitangaza kwa Kijerumani, na daktari wa zama hizo aliyetaka kwenda na wakati alijifunza Kijerumani. Vita mbili zikaishusha Ujerumani, na leo utafiti mwingi wa tiba huandikwa kwa Kiingereza.

Waingereza wenyewe waliwahi kukaa upande wa yule bibi. Baada ya kutekwa na Wanormani mwaka 1066, wakubwa wao waliongea Kifaransa kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1362 ilibidi itungwe sheria ya kuagiza kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu hawakuelewa yaliyosemwa juu yao mahakamani. Tanzania ilifanya jambo la namna hiyo mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama.

Kwa hiyo Kiingereza si kipimo cha akili. Mtoto akifundishwe, kwa sababu kinafungua milango ya vitabu na kazi. Lakini mzazi asiyekijua hana la kuonea aibu mbele ya muuza dawa, na mtoto asiruhusiwe kumcheka bibi yake kwa hilo.

Kabla ya kuondoka dukani au kwenye dirisha la dawa la zahanati, uliza mambo manne kwa lugha unayoielewa. Dawa hii inatibu nini? Nimpe kiasi gani, na nipime kwa nini? Mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi? Je, inaweza kwenda pamoja na hii nyingine?

Ukiona "1x3" kwenye bahasha, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au kijiko kilichokuja na chupa, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Ukishaelezwa, rudia maelezo kwa maneno yako ili mhudumu asikie kama umeelewa, kisha mwombe ayaandike kwa Kiswahili juu ya boksi.

Kuuliza si ujinga. Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili, na ini la mtoto halina la akiba.