Chanjo ya Kuku Bila Malipo: Kwa Nini Minyoo Itangulie Kutibiwa

Tarehe 16 Juni, 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu, Kampeni ya Kitaifa ya Utambuzi na Chanjo ya Mifugo. Serikali imetenga Shilingi bilioni 216 kwa ajili ya mpango huo wa miaka mitano. Wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanachangia sehemu ya gharama, lakini kuku wa asili wanachanjwa bila malipo.

Kwa kaya za vijijini, zikiwemo za Kata ya Masieda katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, na za wilaya jirani ya Hanang, hatua hiyo ina uzito wake. Kuku ndiye mfugo ambao kaya isiyo na ng'ombe inaweza kumudu, na mara nyingi ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji daftari au mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda hospitali. Kideri, ugonjwa ambao wengi wanaufahamu kwa jina la mdondo, unaweza kumaliza kuku wote wa kaya ndani ya siku chache. Hata hivyo, manufaa ya chanjo yanategemea pia hali ya kuku anayechanjwa, na hapo ndipo suala la minyoo linapojitokeza.

Kuku wa asili hujitafutia chakula. Hupekua udongo, hula wadudu, nyungunyungu na mabaki ya jikoni, na jioni hurejea kulala bandani au katika kona ya nyumba. Mfumo huu hupunguza gharama za chakula, lakini ndio unaofungua mlango wa maambukizi. Utafiti uliofanyika mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 1997 ulionesha kuwa minyoo ilikuwa imeenea karibu kwa kila kuku wa kijijini aliyechunguzwa, na kuku mmoja aliweza kubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja.

Mnyoo mkubwa wa duara, unaojulikana kitaalamu kama Ascaridia galli, huishi katika utumbo mwembamba na kunyang'anyana chakula na kuku. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukomaa katika udongo wenye unyevu kwa takribani wiki mbili, na yanaweza kubaki hai kwa miezi mingi. Kuku mwingine huyameza anapodonoa ardhi. Tegu huenea kwa njia tofauti: kuku huwapata kwa kula sisimizi, mbawakawa au nzi waliobeba viini vyake. Kwa sababu hiyo, kufagia banda kunapunguza minyoo ya duara, lakini peke yake hakutoshi kuzuia tegu.

Madhara yake hayana kishindo cha kideri, na ndiyo maana hupuuzwa. Kifaranga hudumaa, manyoya hukosa mng'ao, kilemba hupauka, kinyesi huwa chepesi na mtetea hupunguza utagaji. Minyoo ikizidi, huweza kuziba utumbo na kuua. Wanaoathirika zaidi ni kuku walio chini ya umri wa miezi mitatu, ambao kinga yao dhidi ya minyoo bado haijaimarika.

Jambo linalogusa moja kwa moja kampeni ya chanjo ni kwamba minyoo hudhoofisha pia kinga ya mwili. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa kuku wenye Ascaridia galli hawakujenga kinga kamili baada ya kuchanjwa dhidi ya kideri kama wenzao wasio na minyoo. Chanjo inaweza kuwa bora na mtaalamu akaitoa ipasavyo, lakini mwili wa kuku ukashindwa kuipokea kikamilifu. Ugonjwa ukizuka baadaye, mfugaji huilaumu chanjo, na zamu inayofuata hawatoi kuku wake.

Ni kwa msingi huo wataalamu wa mifugo hushauri kuku wapewe dawa ya minyoo wiki moja hadi mbili kabla ya siku ya chanjo. Ratiba ya chanjo inapotangazwa mapema kupitia ofisi ya kata na mikutano ya kijiji, kaya inapata muda wa kujiandaa. Tofauti na chanjo, dawa hiyo ni gharama ya mfugaji mwenyewe. Hivyo ni busara kaya kadhaa zikachangia chupa moja na kutibu kuku wao siku ileile, kwa kuwa kuku wa majirani hupekua jalala moja.

Uchaguzi wa dawa nao unahitaji ushauri wa afisa mifugo. Piperazini, ambayo ni ya bei nafuu na huchanganywa katika maji ya kunywa, huondoa mnyoo mkubwa wa duara lakini haiui tegu. Levamisoli hutibu aina nyingi zaidi za minyoo ya duara. Kipimo kizingatie uzito na idadi ya kuku, na mfugaji asubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kula au kuuza nyama na mayai. Matibabu yarudiwe kila baada ya miezi mitatu, hususan mvua zinapoanza, kwa kuwa unyevu huharakisha ukuaji wa mayai ya minyoo.

Dawa pekee haitadumu iwapo mazingira hayatabadilika. Kinyesi kiondolewe bandani mara kwa mara, matandiko yawe makavu, vifaranga watengwe na kuku wakubwa, na chakula kiwekwe katika chombo badala ya kumwagwa chini.

Serikali imeondoa gharama ya chanjo kwa kuku wa asili. Kazi iliyobaki kwa mfugaji wa Masieda, kama ilivyo kwa wenzake kote nchini, ni kuhakikisha kuku anayefikishwa kwa mchanjaji ana mwili unaoweza kuipokea kinga hiyo.