Sumukuvu: sayansi ipo, mnunuzi yuko wapi?

Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara.

Kinga inayouzwa ni Aflasafe, iliyobuniwa na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA ya Ibadan, Nigeria, pamoja na wataalamu wa Marekani. Ni punje za mtama zilizopakwa fangasi wasiotoa sumu. Humwagwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, na fangasi hao huwazidi nguvu wale wenye sumu. Kwa Tanzania, leseni ilipewa A to Z ya Arusha, kampuni inayojulikana kwa vyandarua.

Hapo ndipo kampuni za sayansi hukwama. Kwanza, anayelipa siye anayefaidi. Mkulima hununua kinga, lakini faida yake huonekana mpakani, lori linapopita. Dalali akinunua gunia safi na gunia chafu kwa bei moja, mkulima hatarudi dukani msimu ujao.

Pili, muda. Mzigo ukichelewa njiani wiki 3, msimu umepita na fedha za kampuni zimelala ghalani.

Tatu, Kenya na Tanzania kila moja ina aina yake ya Aflasafe iliyosajiliwa kwa mashamba yake. Bidhaa hii haivushwi mpaka kama saruji, na kampuni changa hulazimika kujenga soko upya kila nchi.

Kwa hiyo ufunguo uko kwa mnunuzi. Wafanyabiashara wakiungana, wakaagana bei na wakulima kabla ya kupanda na kuongeza kidogo kwa mahindi yaliyopimwa, kiwanda kitajua kizalishe kiasi gani. Kinga pekee haitoshi: mahindi yapakiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na turubai lisivuje. Nyongeza ya bei kwa gunia inauma, lakini lori likizuiwa mpakani hasara ni ya shehena nzima.