Mnofu wa Kiingereza, Mifupa ya Kiswahili

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya jina la samaki mmoja mlafi wa Ziwa Victoria, ambaye wengi wetu hapa Meru tunamjua kwa Kiingereza tu: Nile perch.

Kwanza, jina hilo lina kasoro. Perch ni samaki mwingine kabisa, mdogo, wa mito na maziwa ya Ulaya. Waingereza walimpa huyu wetu jina la yule wa kwao, eti wanafanana! Huyu wetu aweza kufikia urefu wa mita 2 na uzani wa kilo 200. Wahausa walimtazama vizuri zaidi wakamwita giwan ruwa, yaani ndovu wa majini. Huko Kongo ni capitaine, yaani nahodha. Wanasayansi humwita Lates, kutokana na neno la Kigiriki latos. Hata mji wa Esna kule Misri Wagiriki waliuita Latopolis, kwa sababu wenyeji walimtukuza samaki huyo.

Kwetu pia hakukosa majina. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, wale visamaki wa ziwa hilo, hata aina nyingi zikatoweka. Waganda humwita mputa, Wajaluo mbuta, na Watanzania sangara.

Sasa sikilizeni linaloniuma. Kiwandani mnofu hukatwa ukasafirishwa ng'ambo kwa jina la Nile perch. Kichwa na mifupa hubaki, hukaangwa na kuuziwa mwananchi. Hapo ndipo Kiswahili hukumbukwa: mgongo wazi! Tanzania husema mapanki. Jamani, mbona mnofu uitwe kwa Kiingereza na mifupa kwa Kiswahili? Mtoto akizoea hivyo ataamini kwamba Kiswahili ni lugha ya mabaki.

Wapo watakaosema, "Jina si hoja, bora kitoweo." Sikubaliani nao. Mama anayenunua mgongo wazi akijua kuwa huyo ni sangara yuleyule, atauliza mnofu umeenda wapi na umeuzwa pesa ngapi. Asiyejua atauliza nini?

Wengine watasema sangara ni neno la Watanzania. Basi Kiswahili kinaishia Namanga?

Kwa hivyo naomba chama chetu kianze. Katika insha, katika mijadala, hata tukiagiza chakula hotelini, tuseme sangara. Nanyi walimu wa Jiografia mtuandikie neno hilo ubaoni kando ya lile la Kiingereza. Tukishamwita samaki mzima kwa lugha yetu, tutaweza kumdai mzima pia.

Kiswahili kitukuzwe!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu