Saini ya Pili

Jirani yangu mmoja hapa Cibitoke aliwahi kwenda Somalia na wanajeshi wetu wa Burundi. Sasa amestaafu, anafuga kuku. Jioni moja tumekaa kivulini, nikamwuliza kama bado anaikumbuka bunduki yake. Hakunisimulia vita. Alifumba macho, akanitajia namba iliyogongwa kwenye chuma chake, tarakimu moja moja, kama mzazi anayetaja tarehe aliyozaliwa mwanawe. Kisha akasema, "Nilitia saini nikapewa. Nilitia saini nikairudisha." Alikuwa akisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, kana kwamba yale mafuta ya bunduki bado hayajamtoka mkononi.

Ndugu zangu wa Cibitoke, na ninyi wa Ngagara, Mutakura na Kinama, ninaandika kwa sababu ya saini hiyo ya pili. Tukitaka kumsifu mwanajeshi tunaanza na silaha: mlio wake, ukali wake, jinsi alivyoishika pichani. Watoto wetu wanachonga vijiti na kucheza makomando uani. Lakini yule mzee wa kuku aliyebeba bunduki mchana na usiku hakujivunia risasi hata moja mbele yangu. Alijivunia kwamba kilichokuwa amana kilirudi ghalani.

Kikosi chetu cha kwanza kilitua Mogadishu mwezi wa Desemba 2007, Burundi ikawa nchi ya pili kuitikia wito wa Umoja wa Afrika wa kupeleka askari huko, baada ya Uganda. Tangu hapo hadi mwisho wa 2024 wanajeshi wetu walipokezana huko, wakivaa bereti ya kijani. Wengine walikuwa makomando, wengine madereva, wapishi na wauguzi, na risasi haikuwabagua. Tarehe 17 Septemba 2009 magari yaliyojaa mabomu yaliingia makao makuu ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Miongoni mwa waliouawa ni Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, Mrundi mwenzetu, aliyekuwa naibu kamanda wa kikosi kizima. Tarehe 26 Juni 2015 kambi yetu ya Leego ilivamiwa, na makumi ya vijana wetu wakafa. Tarehe 3 Mei 2022 ikawa zamu ya kambi yetu ya El Baraf.

Nataka nisimame kidogo hapo Leego. Mwezi ule wa Juni 2015, ni nani kati yetu aliyelala vizuri? Maandamano ya kisiasa mitaani kwetu yalikuwa yameanza mwishoni mwa Aprili, barabara zetu zilizibwa kwa mawe na matairi, usiku tulilala sakafuni kwa sababu ya risasi. Mama mwenye mwana Somalia alikuwa akisikia milio mlangoni mwake na kusubiri simu kutoka mbali, vyote kwa usiku mmoja. Habari za Leego zilipofika, hatukuweza hata kukaa matanga pamoja kama inavyopasa. Deni hilo bado liko nasi.

Wenzetu Watanzania huwakumbuka mashujaa wao kila tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi huweka sime. Hawaweki bunduki. Mashujaa wanapewa silaha za mababu, zinalazwa chini kimya, na wanaotazama wanasimama. Nasi tunayo alama ya namna hiyo: katika nembo ya taifa letu mikuki mitatu imepishana nyuma ya ngao. Iko nyuma, ngao iko mbele. Kila nikiiona kwenye karatasi ya serikali namkumbuka jirani yangu.

Basi naomba mambo mawili, na la pili ni zito.

La kwanza, tuandike majina. Kila avenyu ina aliyekwenda na hakurudi, au aliyerudi bila mguu, au mjane anayelea watoto peke yake na hakuna anayebisha hodi kwake ila siku ya sherehe. Tuandike jina, mwaka aliokwenda, mahali alipokuwa. Mwenye picha ailete ipigwe nakala kabla mchwa hawajaila. Na mlemavu wa vita asiulizwe aliua wangapi. Aulizwe paa lake linavuja wapi.

La pili ni silaha zisizo na saini. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 viliacha bunduki na maguruneti katika nyumba za raia, na miaka iliyofuata iliongeza. Mwaka 2009 raia walipewa muda wa kuzisalimisha bila kuadhibiwa, na wengi walifanya hivyo, lakini si wote. Tunajua guruneti limefanya nini kwenye kabare, na kwenye ugomvi wa shamba kati ya ndugu wa tumbo moja. Najua pia hofu iliyopo. Mtu anajiuliza: nikijitokeza, nitarudi nyumbani? Ndiyo maana nawaomba mapadri, wachungaji, masheikh na abashingantahe, wazee wetu wa busara, wakubali kuwa daraja, waende pamoja na mwenye hofu, wasimwache njiani. Na aliyefukia guruneti la zamani asilichimbue wala kulibeba mwenyewe, kwa kuwa pini huliwa na kutu. Aseme tu lilipo.

Jumamosi ijayo, tukimaliza kazi za maendeleo, kabla hatujanawa mikono, tukae nusu saa chini ya mwembe karibu na nyumba ya mkuu wa mtaa. Jirani yangu amekubali kuja, na ametaka aanze kutaja wenzake wawili waliobaki Leego. Daftari nitaleta mimi.