Jezi na Joho

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za miguu ni mali ya mwanariadha. Daftari lake ni elimu. Mike Boit alijinyakulia nishani ya shaba katika mbio za mita 800 jijini Munich mwaka 1972. Hata hivyo hakuyapa masomo kisogo. Alihitimu shahada ya uzamifu Marekani, kisha akafundisha sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono, naye akiwa mwanafunzi huko Marekani, aliweka rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Rekodi hizo hazikumkinga baadaye na ulevi wala ukosefu wa makao.

Je, ni haki chuo kujivunia vikombe vya mwanafunzi, kisha kumnyima mtihani maalumu kwa kuwa alikuwa mashindanoni? Aghalabu jeraha moja hutosha kukatiza mbio. Asiye na mshauri wala ratiba inayomjali hukatiza na masomo pia. Chuo kinachomvisha mwanafunzi jezi hakina budi kumfikisha kwenye joho.