Presha Nayo Ifunguliwe Faili Kama CTC

Kati ya mwaka 1992 na 1995, watafiti walipita nyumba hadi nyumba Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini wakiwauliza wafiwa marehemu aliumwa nini kabla ya kukata roho. Majibu yalipochambuliwa, ilionekana kwamba jijini Dar es Salaam, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kilikuwa kikiua kila mwaka wanaume 65 katika kila 100,000, na wanawake 88. England na Wales, kwa rika hilohilo, waliokufa walikuwa karibu 11 kwa wanaume na 9 kwa wanawake.

Morogoro Vijijini, kwa wakulima wa jembe la mkono, walikufa wanaume 35 na wanawake 27. Mara tatu ya Waingereza.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Chanzo kikuu cha kiharusi ni presha, na hata leo wapo wanaoamini kwamba presha ni ugonjwa wa wakubwa, wenye vitambi na magari.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 magonjwa yasiyoambukiza yalisababisha asilimia 33 ya vifo vyote Tanzania. Asilimia hiyo, ikisomwa peke yake, hupotosha. Watoto wakipona surua na malaria, na wenye VVU wakiishi kwa dawa, fungu la vifo litaelemea tu kwenye moyo, figo na saratani, hata pasipo jambo jipya kuharibika. Ndipo huibuka hoja kwamba hii ni dalili ya maendeleo, kwani lazima mtu afe na kitu. Lakini takwimu za kiharusi zililinganisha rika kwa rika. Waliohesabiwa hawakuwa wazee waliokula chumvi nyingi. Walikuwa watu wa rika la kuwa na watoto wa kusomesha.

Kisukari nacho kimepanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu katika vijiji sita, wakakuta wenye kisukari hawafiki hata mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta tisa katika mia, na zaidi ya robo walikuwa na presha. Rika na maeneo hayakuwa yaleyale, kwa hiyo si haki kudai kisukari kimeongezeka mara kumi kamili. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa tofauti za vipimo, na kila anayeona foleni ya chips mayai na soda jioni anaweza kukisia sehemu ya sababu.

Ila chakula kinalaumiwa kupita kiasi, huku ugonjwa usiogunduliwa wala kutibiwa ukisahauliwa. Utafiti mwingine wa miaka ya 1990, uliofanyika Ilala na Hai, uliwatazama watu wenye presha ya kupanda. Waliojua kuwa wanayo hawakufika mmoja katika watano. Waliokuwa wakitumia dawa ni kama mmoja katika kumi. Waliokuwa wameidhibiti hadi kipimo cha chini ya 140/90 hawakufika hata mmoja katika mia. Presha haiumi, na hapo ndipo inapoulia. Mtu humeza vidonge wiki ambayo kichwa kinagonga, akipata nafuu anaacha, na anarudi hospitali akiwa amepooza upande mmoja.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, imewapunguzia wagonjwa wengi safari za India, na inastahili sifa zake. Lakini idadi ya vifo haiamuliwi kwenye chumba cha upasuaji. Huamuliwa kwenye zahanati, kwa mashine ya kupimia na dawa ambazo hazina hataza wala siri, mojawapo ikitumika tangu miaka ya 1950.

Tena nchi hii inajua namna ya kufanya. Tangu dawa za kufubaza VVU zianze kutolewa bure mwaka 2004, kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, zimejenga utaratibu: kadi, faili, tarehe ya kurudi, na asiyeonekana hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani. Wa presha, mara nyingi katika jengo hilohilo, huandikiwa cheti akanunue dukani. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti waliochunguza wodi za watu wazima waliikuta presha na madhara yake ya pili kwa kuua, nyuma ya Ukimwi pekee.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa wagonjwa hawa iwapo tu kidonge cha kila siku kitapatikana karibu na nyumbani, mwezi baada ya mwezi. CTC zinajua ni wateja wangapi wamefubaza virusi. Kwa presha hesabu ni rahisi zaidi: wangapi wameandikishwa, wangapi wamerudi mwezi huu, wangapi wako chini ya 140/90. Wizara ya Afya iyachapishe majibu hayo kwa kila halmashauri, kila mwaka, na mgawo wa dawa uyafuate.